Kiti Kilicho Nyuma ya Nahodha

Geita, Jumatatu, 1 Agosti 2022

Nichelle Nichols amefariki juzi Jumamosi huko Marekani, akiwa na miaka 89. Nimeisoma habari hiyo kwenye simu ndani ya basi la wafanyakazi, tukirudi kutoka zamu ya usiku, wenzangu wote wamelala. Nimeshuka Nyankumbu sina wa kumwambia. Mama mwenye nyumba alikuwa anafagia uwanja. Nikamwamkia, nikaingia ndani.

Kwenye kikundi chetu cha maigizo hakuna anayemjua, na Alhamisi itabidi niwaeleze, kwa hiyo naandika hapa ili maneno yakae sawa. Aliigiza Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano kwenye chombo cha anga za juu kiitwacho Enterprise, katika Star Trek, tamthilia iliyoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Siku ya usaili alikuwa na riwaya ya Robert Ruark kuhusu Kenya, iitwayo Uhuru, na jina la mhusika likatokea humo. Mwanamke mweusi, miaka ile, ameketi kwenye chumba cha uongozaji na ana cheo. Mwisho wa msimu wa kwanza alitaka kuacha arudi jukwaani. Kwa masimulizi yake mwenyewe, Martin Luther King ndiye aliyemwambia abaki. Kuanzia 1977 NASA ilimtumia kuwashawishi wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga. Katika kundi lililochaguliwa mwaka uliofuata walikuwemo Sally Ride na Guion Bluford.

Hayo yataandikwa na wengi wiki hii. Mimi nataka kuandika juu ya kiti chake.

Kiti cha nahodha kiko katikati ya chumba. Mbele yake wameketi wawili, wa usukani na wa ramani, na mbele yao kioo kikubwa kinachoonyesha nje. Uhura yuko nyuma. Nahodha akitaka kumwona ni lazima azungushe kiti. Kwa hiyo ombi la msaada, tishio, au ukimya wa chombo kilichopaswa kuitika, vyote vinamfikia kwanza mwanamke aliye mgongoni kwa mkubwa wake, mwenye kidude cha rangi ya fedha sikioni, ndipo vinafika kwa mwenye amri. Kati ya sikio lake na mdomo wa nahodha pana sekunde mbili, tatu. Humo ndimo mchezo wote ulimo, na watunzi wa Star Trek mara nyingi walipita hapo bila kusimama. Walimpa sentensi moja ya kutangaza kwamba mawasiliano yamefunguka, wakageuza kamera kwa mwanamume.

Kazi yangu ni redio ya mgodini. Nakikalia kiti hicho kila zamu. Mchezo wetu utakaa hapo.

Alhamisi, 4 Agosti

Tumekutana kwenye chumba cha nyuma cha duka la steshenari. Vijana walikuwa na mipango mikubwa: chombo kianguke Ziwa Victoria, wageni watoke majini, Mwanza iwake moto. Kijana wa kamera amejifunza kutengeneza moto kwenye kompyuta na ni haki yake kujivunia. Nikawaambia tuna chumba kimoja, mabati machache ya kupaka rangi, na taa za kukodi. Basi mchezo uwe wa chumba kimoja.

Nikawaeleza kwamba hata wenye studio waliangukia huko huko kwa sababu ya fedha. Chumba cha Enterprise kikishajengwa, kila dakika iliyochezwa ndani yake ilikuwa dakika isiyohitaji sayari mpya. Matt Jefferies, aliyekichora, alikuwa amewahi kuruka na ndege za kivita katika Vita Kuu ya Pili, akataka kila swichi iwe pale ambapo mkono wa mtu aliyeketi unafika. Alikigawa vipande vipande kama chungwa, kipande kimoja kinatolewa ili kamera iingie, kingine kinarudishwa. Chombo kikipigwa, kamera inainamishwa na waigizaji wanajitupa upande mmoja kwa pamoja. Vijana walijaribu hapo hapo, kwenye viti vya plastiki. Mara ya tatu walipatana, na kwa kweli chumba kilitikisika.

Kisha nikawaonyesha kwenye laptopu kipindi cha Desemba 1966, “Balance of Terror”. Adui ana chombo kisichoonekana. Kioo kikubwa hakiwasaidii kitu. Wanabaki na vipimo, mwangwi, na kukisia. Vyombo viwili vinazima mitambo na kukaa kimya gizani, kila upande unasubiri mwenzake akosee, na watu wanashusha sauti ingawa hakuna hewa huko nje ya kubeba sauti hata ya mzinga. Jambo hilo halina sayansi na lina ukweli mtupu: mtu aliyejificha hunong’ona. Halafu Spock, ofisa asiyekosea kamwe, mkono wake unagusa kitufe, ishara inatoka, na adui anajua walipo.

Kipindi kilitoka kwenye filamu za manowari, na nadhani ndiyo maana ni kizuri kuliko vingi vilivyokifuata. Manowari haina dirisha. Chumba cha uongozaji kikiwa na dirisha kubwa kupita kiasi kinageuka sebule yenye televisheni. Watu wanatazama nje, na sisi tunawatazama migongo.

Binti mdogo kuliko wote kikundini akaniuliza: “Sasa dada, watu watatazama nini?”

Watatazama nyuso za watu wanaosikia kitu ambacho sisi hatujakisikia bado. Nilimjibu hivyo, na sikuona kama ameridhika.

Jumatatu, 8 Agosti

Nane Nane. Nimelala mpaka mchana. Mama katuma michembe na karanga kutoka Maganzo kwa mtu wa basi. Nimeandika ukurasa mmoja tu wa mchezo, nao mbaya.

Jumamosi, 13 Agosti

Swali la yule binti halijaniacha. Leo nimekumbuka vibanda vya video.

Nilipokuwa mdogo Maganzo, kilomita chache tu kutoka geti la mgodi wa almasi wa Mwadui, filamu hatukuzitazama bila mtafsiri. Sauti ya Lufufu ndiyo iliyojulikana kuliko zote, na walikuwapo wengine waliomfuata. Mtafsiri alizungumza juu ya sauti za filamu yenyewe, akawapa wahusika majina tunayoyaweza, akatuonya, akahesabu marehemu, akatukumbusha nani mjomba wa nani. Kibanda kilijaa wachimbaji, watu waliotoka kuchekecha mchanga juani na kulipa kiingilio ili wakae gizani na kusikia.

Filamu za vyombo vya anga zilikuwa mtihani kwake. Kwenye mapigano ya mikono kazi ni rahisi. Lakini sehemu ambapo watu sita wamesimama ndani ya chumba, wanatazama taa, wanatajiana namba kwa Kiingereza? Hapo nilikuwa nasikia kibanda kinaanza kukohoa na kusogeza mabenchi. Mtafsiri mzuri alikuwa haziachi namba hizo zipite. Alituambia hewa imebaki ya muda gani, nani anajua, nani bado hajaambiwa. Mabenchi yanatulia. Wanaume wazima waliokuwa wameshuka mashimo marefu asubuhi ile walinyamaza kwa ajili ya hewa ya watu wa kwenye kioo.

Yule mtafsiri alikuwa anafanya kazi ya Uhura. Alisikia lugha ambayo sisi hatuisikii, akachagua cha kutuambia, na kwa mpangilio gani. Hatukumwona uso hata siku moja, na bila yeye hapakuwa na filamu.

Kwa hiyo nimeamua: mtu wa redio katika mchezo wetu atasikia sauti ambazo watazamaji hawatazisikia. Watazipata kwake tu. Akisita, wao pia wanasita.

Jumatano, 17 Agosti

Niandike kabla sijalala.

Usiku huu, karibu na saa tisa, dereva wa loda kwenye moja ya ngazi za chini hakuitika. Nilimwita mara ya kwanza kwa utaratibu wa kawaida, namba ya mtambo, mahali, tafadhali jibu. Kimya. Nikamwita tena. Mashine zina kelele, mtu anaweza kuwa ameshuka kukagua tairi, anaweza kuwa amepita kona ambako waya wa redio haufiki vizuri. Yote hayo nayajua. Mwili haujui, mwili unasikia kimya tu, na kimya cha redio hakifanani na kimya kingine chochote, kina muungurumo mdogo ndani yake ambao unakaza sikio ukitafuta neno.

Msimamizi wa zamu alikuwa nyuma yangu anajaza fomu. Akauliza: “Vipi?”

Hapo ndipo penyewe. Nikisema hajibu, nimeanzisha kitu: watu wataondoka kwenye kazi zao, timu ya uokoaji itaamshwa, ngazi itafungwa. Nikisema bado hajajibu, nimenunua muda, na muda huo si wangu, ni wa mtu aliye chini. Nilisema hajibu. Msimamizi akasimama, akaweka kalamu chini, akashika simu ya uokoaji. Kabla hajapiga, sauti ikaja, imechoka, ya kawaida kabisa: “Kopi, mama. Nilikuwa nyuma ya mwamba.” Mtu mzima yule, ana watoto wakubwa, na huniita mama kila zamu.

Hakuna aliyenisema. Msimamizi aliandika tukio na saa yake, akarudi kwenye fomu. Mimi mikono ilitulia baada ya chai.

Nimewahi kuona tamthilia nyingi ambazo mtu wa mawasiliano anatangaza jambo la kutisha kwa sauti ya kutisha. Kwenye redio halisi kinyume chake ndicho kweli. Jambo linapokuwa baya sauti inashuka, maneno yanapungua, kila mtu anakuwa na adabu kuliko kawaida. Na mwisho wa zamu, kabla ya baruti kulipuliwa, ni ubao wa vibao vya majina unaoongea: kila aliyeshuka alitundika kibao chake, na kibao kimoja kikibaki, mlima mzima unasubiri. Mtu yeyote anayetafuta kiini cha mchezo wa anga za juu aje asimame mbele ya ubao ule.

Jumanne, 23 Agosti

Sikukuu ya sensa. Karani amepita mapema, kijana mpole, ana kishikwambi na kizibao. Ameuliza kazi yangu, nikamtajia, akauliza tena ili aandike vizuri.

Mchana wote nimesoma kuhusu Tunguu. Ninashangaa kwamba nimefikia umri huu bila mtu kunifundisha shuleni. Pale Unguja, kwenye mtandao wa vituo ambavyo Wamarekani walivisambaza duniani, vingine juu ya meli, kulikuwa na kituo cha kufuatilia safari za kwanza za wanaanga wao. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alizunguka dunia mara tatu ndani ya Friendship 7. Akivuka Afrika alitoka kwenye sikio la Kano, Nigeria, akaingia kwenye sikio la Zanzibar. Kila kituo kilikuwa na mtu mmoja wa kuzungumza naye na daktari wa kufuatilia moyo wake kwa mbali. Dakika chache, halafu anawapita, anaelekea Bahari ya Hindi na usiku wake wa kwanza wa angani, ambao ulimkuta muda mfupi tu baada ya kuagana na Zanzibar.

Kwa hiyo Waswahili wanaoandika kuhusu chumba cha chombo cha anga hawaazimi kitu cha watu. Chumba hicho kiliwahi kuwa kwetu, kwenye minazi. Wazalendo wa Zanzibar walikipinga kituo kile tangu mwanzo, wakihofia ni mambo ya makombora, na hofu hiyo ilikuwa na akili yake: wageni wanajenga milingoti kisiwani kwako wakati ambapo dunia imegawanyika pande mbili. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipokuja, Wamarekani wa kituo waliondolewa kwa meli ya kivita, na mwaka huo huo kituo kikafungwa.

Lakini kilichonikamata zaidi ni hiki. Katika mzunguko wa pili wa Glenn, ishara moja ilionyesha huenda ngao ya kukinga joto imelegea. Ikiwa ni kweli, anaporudi ataungua. Waliokuwa ardhini waliamua wasimwambie moja kwa moja. Vituo vikawa vinamuuliza kwa juu juu tu kama swichi fulani ameizima, kama amesikia kitu kinagongagonga. Glenn alikuwa rubani wa kivita, alitambua kwamba maswali yale yana kitu nyuma yake. Mwishowe akaagizwa asitupe mfuko wa roketi za kupunguzia mwendo, ili mikanda yake ishikilie ngao, akapita kwenye moto huku vipande vya mfuko ule vikiwaka na kupita dirishani. Alifika salama. Kilichokuwa kibovu ni kipimo.

Nafikiria mtu wa redio aliyepewa swali la kumuuliza Glenn na kukatazwa sababu yake. Je, aliifanya sauti yake iwe nyepesi? Je, alijichukia? Mchezo wangu umepata moyo leo. Mtu wetu wa redio ataamriwa na nahodha aulize na asieleze.

Jumatatu, 29 Agosti

Artemis I, roketi ya NASA, imeshindwa kuruka. Tulikuwa tumekusanyika kuitazama kwenye simu ya kijana wa kamera, bando tulilichangia, saa tisa na nusu alasiri. Injini moja kati ya nne haikuonyesha kupoa kiasi kinachotakiwa, muda ukasimamishwa, halafu Charlie Blackwell-Thompson, mwanamke wa kwanza kuongoza urushaji pale Kennedy, akaahirisha. Vijana waliguna. Mmoja akasema bando limekwenda bure.

Mimi niliona kipindi kizuri kuliko vyote vya mwaka huu. Chumba kilichojaa watu waliojiandaa miaka mingi, roketi imejaa mafuta, dunia nzima inatazama, na kazi yao siku hiyo ilikuwa kusema hapana. Hakuna aliyepiga meza. Hakuna aliyekunja uso kwa ajili yetu. Niliwaomba watazame mikono ya wale watu, jinsi walivyoendelea kuandika.

Jumamosi, 3 Septemba

Wameahirisha tena. Haidrojeni inavuja. Jioni tumefanya mazoezi ya kunyamaza: dakika mbili kila mtu anasikiliza kifaa kisicho na sauti, bila kuigiza kwamba anasikiliza. Yule binti aliyeniuliza swali ana uso unaosikia. Nadhani tumempata.

Ijumaa, 9 Septemba

Malkia Elizabeth amefariki jana. Mama amepiga simu kutoka Maganzo kuzungumzia almasi, kama nilivyojua angefanya. Ile ya waridi iliyochimbwa Mwadui mwaka 1947, karati 54 na nusu, ambayo John Williamson, mwenye mgodi, alimpa Elizabeth kwa harusi yake akiwa bado binti mfalme, ikakatwa ikabaki karati 23 na ushei, ikawekwa kwenye bruchi ya umbo la ua. Nyumbani kwetu habari hiyo husimuliwa kana kwamba jiwe litarudi Jumapili. Mama hana kinyongo na marehemu. Anataka tu litajwe lilikotoka.

Jumapili, 25 Septemba

Mjomba amekuja kutoka Kahama. “Mwangaluka, mjomba.” Akaitika, akaketi, akala ugali na sato, kisha nikamwomba anieleze kazi ya winchi.

Mjomba alikaa miaka mingi mdomoni mwa duara, shimo la wachimbaji wadogo. Wengine walishuka, yeye na wenzake wawili walivuta. Viroba vya mawe vinapanda, maji na matimba vinashuka, watu wanashuka na kupanda kwa kamba hiyo hiyo. Nilimuuliza anajuaje walio chini wanataka nini, maana shimo likienda mbali sauti inafika imechanika. Akanyoosha mkono, akashika hewa kama ameshika kamba. Kila duara lina makubaliano yake ya mivuto, alisema, lakini zaidi ya makubaliano, mkono unazoea. Kiroba kizito kina uzito wake na mtu aliyechoka ana uzito wake. Mtu anayetetemeka anatetemesha kamba mpaka juu. “Kamba ikitulia ghafla, mama, usiulize mtu. Pumua, sikiliza, halafu ita.”

Tukazungumza kuhusu Nyangalata. Oktoba 2015 ardhi iliwafunga wachimbaji wadogo pale Kahama, na wengi juu walikwisha kata tamaa. Siku 41 baadaye watano wakatolewa hai, kwa sababu wenzao walisikia sauti chini ya ardhi na wakaamini masikio yao. Na Nyarugusu, hapa Geita, Januari 2017, watu 15 walitolewa baada ya siku tatu, chakula na ujumbe vikipita kwenye bomba. Mjomba anakumbuka watu walivyokuwa wakiinama kwenye mashimo kama hayo, kofia mkononi, mmoja anaweka sikio na mia wanamtazama yeye.

Mia wanamtazama mmoja anayesikiliza. Nikamwambia arudie. Akarudia, hakuelewa kwa nini nimechukua daftari.

Sitahitaji kumfundisha mtu yeyote wa Kahama au Katoro kwa nini chumba hiki kinatisha. Watakaotazama mchezo wetu wanajua hewa inayohesabiwa, wanajua mwenye duara anayetaka kazi iendelee wakati mtu wa winchi anasema subiri. Nahodha wangu ni mwenye duara. Ana deni, ana ratiba, ana watu waliomwamini, si mtu mbaya. Sikumwelewa mpaka leo.

Ijumaa, 14 Oktoba

Siku ya Nyerere, hakuna kazi kwa vijana, tumefanya mazoezi tangu asubuhi. Chumba kimesimama: mabati, mbao za matimba zilizotumika, simu za mezani za zamani zenye waya tulizonunua kwa mtu wa vyuma chakavu. Simu za waya nimezipenda tangu nilipoziona kwenye Battlestar Galactica, ile iliyoanza 2003. Chumba chao kiko tumboni mwa meli, hakina dirisha, na wameacha kuunganisha kompyuta zao ili adui asiingie ndani yake; kwa hiyo amiri jeshi anasimama mezani na mkonga wa simu, waya unaning’inia. Mkonga una uzito. Mwigizaji akiushika mkono unakuwa na kazi, na akiurudisha taratibu mahali pake kila mtu ukumbini anajua habari ilikuwaje.

Ukatokea mjadala wa jina la chombo. Wengi walitaka Uhuru. Nikawaambia Uhuru imekwisha ruka zamani, na iliruka kutoka kwetu huku Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, na waongozaji wake walikuwa kwenye jukwaa la pili, Santa Rita, ng’ambo ya maji kidogo. Mwanamke aliyesimamia mradi huo, Marjorie Townsend, ndiye aliyeipa jina hilo kwa heshima ya wenyeji. Ilitazama anga kwa eksirei mpaka 1973 na kuorodhesha vyanzo 339. Walikaa kimya kidogo. Kisha kijana wa kamera akasema basi chetu kiitwe Nyangalata. Nilifikiri wengine watapinga. Hakuna aliyepinga.

Jumatano, 16 Novemba

Artemis imeruka. Saa tatu na dakika 47 asubuhi kwa saa zetu. Nilitoka zamu saa kumi na mbili, nikaiwasha simu ndani ya basi, na nikakuta jambo ambalo hakuna mtunzi angethubutu kuliandika.

Haidrojeni ilikuwa inavuja tena, safari hii kwenye vali iliyo chini ya roketi, kwenye jukwaa la kurushia. Kukaza boliti zake hakuwezekani kwa swichi. Chumba cha uongozaji kikatuma watu watatu. Watu watatu wenye spana, usiku, wakaingia chini ya roketi yenye urefu wa mita 98 iliyojaa mafuta, inayolia na kutoa mvuke, wakakaza boliti wakiongozwa na sauti kutoka chumbani, wakatoka. Waandishi waliwahoji baadaye. Mmoja alieleza jinsi ile roketi ilivyo kama kitu hai, inavyopasuka-pasuka na kuguna juu ya kichwa chako.

Kwenye basi nilimwonyesha yule mzee dereva wa loda, ambaye safari hii hakuwa amelala. Alitazama mpaka mwisho, akauliza nani alikuwa anaongea nao. Hakuuliza jina la roketi wala inakwenda wapi. Nikamwambia kuna mtu kwenye redio. Akatikisa kichwa kwa kukubali na kunirudishia simu.

Nimefika nyumbani nimekaa moja kwa moja mezani. Hotuba ya nahodha ya ukurasa wa mwisho nimeifuta yote. Hakuna anayehutubia wakati kuna watu watatu chini ya vali. Badala yake mtu wetu wa redio anawaita mmoja mmoja kwa jina, na hamwiti wa pili mpaka wa kwanza ameitika. Na kabla ya wa tatu anageuza kiti chake, anamweleza nahodha mbele ya wote kwamba safari hii atawaambia sababu ya swali. Kisha anarudi kwenye redio na kuwaambia.

Nimemwandikia kijana wa kamera kwamba katika onyesho hilo asimpige nahodha picha hata mara moja, abaki na uso wa binti. Amejibu akiuliza kama taa moja itatosha. Nimemwambia akodi mbili, na aje na mkonga wa simu wa akiba, ule wa kwanza umelegea.